Mwenye Mtandio wa Kijani

Nyuma ya Posho Mill ya Mbithi,
Kabati, Kitui.

3 Februari 2026

Mpendwa ndugu yangu Mikail,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Doha, mwana wa mama? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa ile baridi ya mashine mnayolala nayo? Na chakula je, unapika au bado ni mkate na soda kama ulivyozoea ulipokuwa kapera Mwingi? Nijibu ukweli, maana nikikuuliza kwa simu huwa unacheka na kubadilisha maneno.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi, lakini presha imetulia. Mvua ya Novemba ilitunyeshea vizuri, ndengu zikakubali, na tangi bado lina maji. Mbuzi wa marehemu niliwauza wote isipokuwa yule beberu mwenye pembe moja. Hakuna aliyemtaka, na mimi nikaona afadhali. Tunashinda naye hapa uani, anakula na kunitazama.

Hamdi amerudi chuoni Eldoret. Mtoto alitaka kuahirisha masomo akae na mimi, nikamkatalia kwa ukali, na alipoondoka nikajuta siku nzima. Nyumba hii ni kubwa, Mikail. Sikuwahi kuuona ukubwa wake Ahmednur alipokuwa hai, maana sauti yake peke yake ilikuwa inaijaza. Sasa nasikia hata friji ikipumua.

Najua unashangaa kuona karatasi. Utasema dada amezeeka. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu barua ikifika kwako inabaki kwako, hakuna wa kuifowadi. Ataileta Arbaco wa Mwingi anayekuja kwa mumewe huko, na nimemwapisha aiweke kwenye mkoba wa mkononi.

Tena una haki ya kujua kwa nini tangu Novemba sikujibu vizuri. Ukipiga, nasema mtandao mbaya. Ukituma salamu za sauti, nakurudishia neno moja. Mara ya mwisho uliniuliza kama umenikosea, nikasema la. Nilikudanganya. Uliniumiza, ila hukujua, na wala hukuwa peke yako. Kaa chini nikueleze.

Mazishi ya shemeji yako hukuyaona kwa sababu tajiri wako alikunyima ruhusa, kwa hivyo huna picha yake akilini. Watu wa Ahmednur walitoka Garissa kwa mabasi mawili ya kukodi, wakapitia Mwingi na Migwani, wakafika hapa na magodoro, majamvi na masufuria yao. Shemeji yangu Hamud ndiye aliyewaongoza. Walijaa uani mpaka barabarani. Kwa kilio kile, ndugu yangu, niliona kwamba mume wangu alikuwa mtu wa watu.

Na Kalunde huna haja ya kuelezwa, kwa maana ni yeye aliyekuchapa ulipomwibia mapapai. Jirani wa ua kwa ua, muuza ndengu, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Asubuhi ya mazishi alikuja mapema na leso zake mbili, akaniambia hataki kuwa kichwa wazi mbele ya wakwe zangu. Nikamfunga mtandio ule wa kijani wenye nakshi ya fedha pembeni, uliouleta wewe kwa Idi. Nilikuwa sijauvaa hata mara moja. Ulimpendeza kuliko ungenipendeza mimi, nikamwambia auchukue uwe wake. Siku tatu zile alipika, akaosha, akawatandikia wageni ambao hata lugha yao haijui.

Wageni walipoondoka nikaingia eda. Wewe uliona mama alivyokaa eda ya baba: miezi minne na siku kumi ndani, bila manukato, bila kutoka ila kwa dharura. Majirani zetu hapa hawana desturi hiyo. Mjane wao utamwona shambani mwezi haujaisha. Mlango wangu uliofungwa hawakuuelewa, na mimi sikuona sababu ya kuueleza, kwani nilizaliwa hapa hapa na nilidhani wananijua. Aliyeuelewa ni Kalunde. Kila jioni akitoka sokoni alipitia kwangu, anavua viatu, ananihadithia nani amegombana na nani. Tena alikuwa ananiletea simu yake nimfungulie picha kwa intaneti yangu, kwa vile yeye bando yake ni ya kuhesabu na ameizuia simu isifungue picha yenyewe.

“Nifungulie hii nione, mwaitu,” ananiambia, akiniita mama kwa Kikamba chake, “mimi bando yangu ni ya kuomba dua tu.”

Basi ukaja uchaguzi mdogo wa kumtafuta MCA mpya, mwakilishi wa wadi yetu, baada ya yule wa zamani kufariki. Wagombea walikuwa wengi, ila waliokuwa na nguvu ni wawili, na watu wao wakaanza kutukanana kwenye simu. Mwanzo yalikuwa mambo ya ukoo. Huyu si wa hapa, huyu mama yake ametoka Makueni. Nilikuwa nasoma na kucheka, nikisema kama kutoka Makueni ni dhambi basi mimi nimekwisha, maana mama yetu alitoka Mukuyuni.

Jioni moja Kalunde hakuja. Badala yake ukaingia ujumbe wake kwenye grupu letu la akina mama. Ulisema hivi: “Wapiga kura wa kuletwa wameshushwa Kabati kwa basi, wanafichwa kwa boma moja hapa hapa. Wakamba tuamke, kiti chetu kinauzwa. Sambaza.” Chini yake yeye mwenyewe akaongeza, “Nimetuma vile nimepokea.” Na chini ya hapo kulikuwa na picha.

Nikaifungua. Mikail, ilikuwa nyumba yangu. Mabasi yale mawili mbele ya geti, wanaume wa Hamud wanashusha magodoro, wanawake wamejifunika vichwa wanaingia uani. Mtu aliipiga kutoka barabarani siku ya msiba wangu, akaitunza mpaka ikapata kazi. Na katikati ya wale wanawake kuna mmoja amegeuza mgongo, amebeba sufuria ya mchele kichwani, mtandio wa kijani umemfika kiunoni.

Nilijua papo hapo kwamba Kalunde hakuifungua. Alisoma maneno, akaogopa, akatuma. Alituma picha yake mwenyewe akiwaambia watu wajihadhari naye. Ningecheka kama yasingekuwa yamenipata mimi.

Wenye bando wakafungua. Haikupita muda, mmoja akaandika, “Hapo si kwa marehemu Ahmednur?” Mwingine akajibu kwamba ndiyo, na kwamba geti hilo halijafunguliwa tangu wakati ule, sasa mle ndani kuna nini? Hapo ndipo Kalunde alipogundua ni kwangu. Alikimbilia kuufuta ule ujumbe, nilikuja kuambiwa baadaye, lakini aliufuta kwenye simu yake tu. Kwake ukatoweka, kwetu sote ukabaki. Nilimpigia, hakushika. Nikapiga tena kesho yake, hakushika.

Usiniulize ilikuwaje baada ya hapo, ila nitakuambia. Mama wa maziwa aliacha kuleta maziwa. Watu waliokuwa wakinisalimu juu ya ua wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mtu akaandika kwenye geti kwa makaa, RUDINI KWENU. Niliyatazama maneno hayo kupitia dirishani nikajiuliza kwetu ni wapi, ikiwa kitovu changu kilizikwa huko nyuma ya kisima. Mawe yakatupwa juu ya mabati. Beberu wa watu akajificha chini ya mkokoteni, na mimi nikakaa kwenye sakafu ya jikoni kwa kuwa ndiko kusikokuwa na dirisha. Niliogopa, Mikail. Sijawahi kuogopa Kabati, hata siku moja.

Ni katika siku hizo ndipo uliponitumia picha ile ile. Najua ulivyoipata, kupitia kwa binamu zetu wa Mukuyuni, na huko walikuwa wameshaibadilisha, inasema mabasi yameshusha watu Mukuyuni. Ukanitumia na kuandika, “Dada chunga sana, wageni wamejaa Mukuyuni, watafika na huko kwenu, funga mlango.” Nyumba hukuitambua, kwa sababu geti ni jipya na tangi tuliliweka ukiwa umeshaondoka. Lakini mtandio uliununua kwa mkono wako! Niliweka simu ndani ya sanduku la nguo nikaifunika na blanketi. Nilikuwa nategemea kwamba hata dunia yote ikigeuka, wewe ungetazama mara mbili.

Haya, yamepita, usianze kulia kwenye lori la watu unaloendesha.

Baadaye Mbithi mwenye posho mill alikuja getini. Yeye ndiye admini wa grupu la soko, na naibu wa chifu alikuwa amewaita maadmini wote na kamati ya amani kwenye baraza, maana kule upande wa soko vijana walikuwa karibu kupigana. Alisimama nje kwa heshima, akazungumza kupitia uwazi wa geti. Aliniomba nitume sauti isikilizwe barazani, kwa kuwa siwezi kutoka.

Nilirekodi. Nilisema yote. Nilisema mtazameni mwenye mtandio wa kijani, huyo ndiye Kalunde, mwenye kuwatumia picha, mwulizeni yeye alishushwa na basi gani. Sentensi hiyo ingenisafisha mara moja, na soko lote lingemcheka mpaka azeeke. Nilikuwa na hasira kweli. Halafu nikakumbuka alivyoniosha uso siku ya mazishi nilipozimia. Nikaifuta ile sauti, na mimi nikahakikisha imefutika kweli. Nikatuma nyingine fupi. Nilisema waliokuja ni wafiwa na wamesharudi kwao, geti limefungwa kwa sababu ya eda ya mume wangu, na mwenye shaka amtume mkewe aje akague chumba kwa chumba.

Walikuja wawili kabla ya baraza. Wanawake ninaowajua, tumepika pamoja kwenye harusi za watoto wao. Mmoja alichungulia mpaka chini ya kitanda changu. Waliposimama kuondoka wakasema pole. Niliwakaribisha chai wakasema wana haraka.

Mambo ya barazani alinisimulia Mbithi, tena kutoka getini. Naibu wa chifu aliiweka ile picha kwenye ukuta wa ukumbi kwa mashine, kubwa kama mlango, akauliza kama kuna yeyote anayemjua hata mtu mmoja kati ya hawa wageni. Kalunde alikuwa ameketi nyuma na wenzake wa kwaya. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Mbithi anasema alisogea mbele polepole, akaitazama kwa karibu, akaigusa na kidole.

“Ni nyie,” akasema kwa Kikamba. Ni mimi. Kisha akageuka akarudia kwa Kiswahili ili na polisi waliokuwepo wasikie. “Huyo wa kijani ni mimi. Nilikuwa nabeba mchele ya matanga. Na ni mimi nilituma hii kitu, sikuwa nimeifungua.”

Sikumwomba afanye vile. Angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angemjua kwa mgongo.

Baraza likapitisha kwamba asitume mtu kitu ambacho hajakifungua akakiona, na atakayetuma uchochezi atolewe grupuni na jina lake lipelekwe polisi. Mbithi akaandika marekebisho, akaeleza picha ni ya msiba, akanipa pole mbele ya wote. Watu wakaweka vile vikono vya kuomba. Je, marekebisho hayo yalifika Mukuyuni? Yalikufikia wewe? Yule aliyeandika yale maneno ya kwanza hadi leo hajulikani, na pengine anakula nyama choma mahali akingoja uchaguzi wa mwaka ujao.

Siku ya kura sikwenda. Ustadhi alishaniambia kwa simu kwamba kutoka mchana kwenda kupiga kura na kurudi si vibaya. Nilivaa, nikashika kitambulisho, nikafika getini. Pale mkono ukagoma. Nilijua nikionekana kwenye foleni nimejifunika vile, kutakuwa na mtu mwenye simu. Nikarudi ndani, nikavua viatu. Mimi ambaye nimepiga kura kwenye shule ile ile tangu nilipopata kitambulisho! Hilo bado linaniuma kuliko mawe.

Sasa uchaguzi umekwisha, mshindi ameapishwa, mabango yamekuwa mapaa ya mabanda ya kuku. Mama wa maziwa amerudi, ananijazia kikombe kupita kipimo na hanitazami usoni. Maneno ya getini Mbithi aliyapaka rangi. Watu wanadhani yameisha kwa sababu hakuna anayeyasema. Lakini hakuna anayevua viatu akaketi. Nazungumza na beberu, Mikail, na siku moja nilijikuta nangojea ajibu.

Na Kalunde? Kicheko nilichokataa kumtupia kilimpata vile vile. Sokoni wamempa jina, wanamwita Garissa. Akipita wanamwambia, “Garissa, basi inakuacha.” Ni utani, wanasema. Kwanza alijibu, halafu akanyamaza, halafu meza yake ya ndengu ikawa tupu. Kwaya pia ameacha. Mkaza mwana wake Kaluki anasema hatoki, anashinda ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Mimi nina eda ya kuisha, lakini yeye amefungiwa bila tarehe.

Wiki jana Kaluki alileta kifurushi kwenye gazeti. Ni mtandio. Umefuliwa, umepigwa pasi, umekunjwa vizuri kuliko ulivyokuja kutoka Doha. Nikamwuliza Kaluki ameambiwa aseme nini, akasema hakuna neno. Niliushika nikalia sana. Nilielewa ananiambia hastahili kuwa nao. Nimelia kwa ajili ya Ahmednur miezi yote hii, lakini siku hiyo nilikuwa nalia kwa ajili ya mtu aliye hai, upande wa pili wa ua, ninayesikia kikohozi chake akifagia.

Eda yangu inaisha wiki ijayo. Hamud amepiga simu, anataka kuja na gari anihamishie Garissa moja kwa moja. Anasema hawa si watu wangu, wameshanionyesha. Anasema kwa mapenzi, na Mungu amlipe, ila amekosea. Hawa ndio watu nilio nao. Nimemwambia asije. Amekasirika kidogo, na nakuomba umpigie umtulize, wewe anakusikiliza.

Unakumbuka mama alipomaliza eda yake, wanawake walikuja kumtoa kwa udi na chereko. Mimi sina wa kuja kunitoa. Nimelifikiria hilo siku nyingi na nimeona sitangojea. Asubuhi hiyo nitaoga, nitavaa dera langu la maua, nitalifungua geti mwenyewe. Nitakwenda kwa Kalunde kwa mlango wa mbele. Nitamwinua kwenye kigoda chake, nitamfunga mtandio kichwani kama nilivyomfunga siku ile, na tutapita katikati ya soko, ni siku ya gulio, tukanunue nyama ya Ramadhani. Akikataa nitaketi naye mpaka akubali. Ninaogopa, sikufichi. Huenda nikagonga asifungue.

Nisalimie wenzako wote wa chumbani, hasa Mahad, na umwambie mama yake niliongea naye na ni mzima. Mama mdogo Nduku wa Mukuyuni anakusalimu na anauliza utaoa lini, nami nauliza hivyo hivyo. Hamdi anasema mjomba asisahau ahadi ya viatu. Mola akulinde na barabara za huko, akulainishie tajiri wako, na aturudishe mezani pamoja, sisi tuliobaki.

Na jambo moja la mwisho. Siku hiyo sokoni hapatakosa mtu wa kutupiga picha. Apige. Ikizunguka mpaka ikufikie Doha, na juu yake kukawa na maneno yoyote yale, usinitumie, na usiyasome. Ifungue picha uitazame vizuri. Mwenye mtandio wa kijani ni Kalunde. Aliyemshika mkono ni dada yako.

Ni mimi, anayekuombea na kukuwaza kila adhana,

Nusaiba